Ugali wa Mtu Mmoja

Somoe, kesho unatoka,
na mimi sina hotuba.
Hotuba utaipata asubuhi pale barazani,
pamoja na ndoo mpya, godoro la inchi nne,
blanketi la mistari
na makofi.
Nami nilipigiwa makofi hayohayo, sasa mwaka wa nne.
Niliyabeba juu ya bodaboda hadi Mkuti,
nikafika, nikafungua mzigo:
hayakuwamo.

Nikuambie la sufuria.
Kule kituoni tulisonga wawili wawili,
mwiko mrefu kama mpini wa jembe,
wadogo wakihesabu sahani arobaini na tatu.
Usiku wangu wa kwanza nilichemsha maji,
nikashika kikombe cha unga,
sikujua nikome wapi.
Kikombe kimoja kilikuwa kama tusi.
Nikaongeza. Nikaongeza tena.
Ukasimama kama mlima Mkomaindo
mbele ya msichana mmoja na dagaa saba.
Sikulia, usidhani. Nilicheka,
kisha nikatega sikio:
hakuna aliyekohoa upande wa pili wa chumba.

Mwenye nyumba aliuliza,
"Veneranda Mbwinji? Hilo jina la mtu
au la maji ya bomba?"
La maji, nikasema. Ndiko nilikookotwa.
"Basi hutakauka," akacheka peke yake,
akadai kodi ya miezi sita na mdhamini.
Bahasha ya kituo ilikuwa na ya miezi miwili.
Mdhamini hakuwamo.

Nikaenda kubangua korosho kwa Bi Lichanda.
Mafuta ya ganda yakanila vidole,
ngozi ikaiva, ikabambuka kama gome.
Nikapanga foleni ya kitambulisho hivyohivyo.
Fomu ikauliza baba, nikaweka kistari.
Ikauliza mama, kistari.
Mashine ikataka dole gumba:
taa nyekundu.
"Futa mkono, rudia."
Nyekundu.
Foleni nzima ikaniangalia,
mtu asiyejulikana hata na kidole chake.

Unamkumbuka Mwalimu Deodatus,
yule wa fimbo ukiacha taa inawaka?
Alikuja Jumamosi kwa baiskeli, hakualikwa.
Hakuleta mchele wala nasaha.
Alikaa juu ya ndoo, akaumega ule mlima wangu,
akaomba uongezwe.
Kisha akaenda kwa mwenye nyumba
akaandika jina lake palipo wazi.
"Acha korosho wiki tatu," akaniambia,
"uza maandazi, vidole vitarudi."
Vikarudi.
Akaja Jumamosi nyingine, na nyingine,
hadi alipohamishiwa Nachingwea;
Jumamosi ikawa simu,
simu ikawa ya sikukuu.
Simlaumu. Ana wanawe.

Ila nina jirani hapa, mwanamume mwenye ndevu,
thelathini na kitu,
kila akiishiwa chumvi anakwenda kwa mama yake,
wala hakuna anayemwita mzigo.
Sisi tuliambiwa kumi na minane ni utu uzima,
kana kwamba mlango wa kituo ni bawabu
anayejua umri wa njaa.

Kwa hiyo sikia.
Kikombe kimoja na robo, maji vikombe viwili:
huo ndio ugali wa mtu mmoja.
Ilinichukua mwezi kuujua,
wewe uchukue bure.
Lakini Jumamosi nasonga vikombe vitatu.
Usipokuja nitakufuata na sahani,
na utaona aibu mbele ya wapangaji wenzako.

Kodi ya miezi minne kituo kimekubali,
tulibishana nao hadi kiti kikavunjika mguu.
Penye mdhamini nimeandika mimi.
Hati yangu imepinda,
lakini kidole kilisoma mara ya kwanza.

Halafu mlango wako.
Kitasa kinakwama, nimekijaribu jana.
Usilazimishe ufunguo.
Uinue mlango kidogo kwa goti,
ndipo uzungushe.